Kuchagua Manifoldi ya Kuingiza Hewa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wenye Magari wa Tanga

Haya ni maswali ambayo wenye magari na madereva wa Tanga, kuanzia Ngamiani na Makorora hadi Pongwe na Muheza, huyarudia pale fundi anapowaambia kwamba manifoldi ya hewa ina kasoro, au pale wanapotaka wenyewe kuweka nyingine ili gari liongezeke nguvu. Yameanza na mambo ya msingi na kuishia kwenye hali zisizotokea kila siku. Jambo lililokwisha kuelezwa halikurudiwa. Msomaji ataelekezwa kwenye jibu lenyewe.

## Mambo ya msingi

Manifoldi ya kuingiza hewa ni kifaa gani, na nitaiona wapi kwenye injini?

Ni kifaa kinachopokea hewa iliyokwisha kuchujwa na kuigawa kwa kila silinda. Ukiifuata hozi nene inayotoka kwenye ea klina utafika kwenye throtoli, yaani kilango kinachofunguka unapokanyaga mafuta. Baada ya throtoli kuna chemba, ambayo ni uwazi mmoja mpana wa kukusanyia hewa, na kutoka kwenye chemba huchomoza mikono, mmoja kwa kila silinda katika injini nyingi, inayoishia kwenye silinda hedi karibu na valvu za kuingiza. Kwenye Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE, kwa mfano, manifoldi ni ya plastiki nyeusi na iko upande wa mbele, ulipo rejeta.

Ina tofauti gani na manifoldi ya ekzosi?

Ya ekzosi hutoa moshi wa moto mkali kutoka kwenye silinda, ndiyo maana hutengenezwa kwa chuma. Ya kuingiza hupitisha hewa ya kawaida, na katika injini nyingi za kisasa imewekwa upande wa pili wa silinda hedi ili isipate joto la ekzosi. Unapoagiza kipuri kwa simu, taja wazi ni ipi unayoitaka, kwa kuwa neno manifoldi peke yake limeshawapotezea watu wengi nauli na muda.

Ikiwa kazi yake ni kupitisha hewa tu, kwa nini umbo lake lina maana kubwa?

Kwa sababu hewa haipiti humo kwa mkondo tulivu. Valvu ya kuingiza hufunguka na kufunga mara nyingi kila sekunde, na kila inapofunga, hewa iliyokuwa ikikimbia kuelekea kwenye silinda hukuta mlango umefungwa, hubanana, kisha mbano huo hurudi nyuma kama wimbi la bahari linavyogonga ukuta wa ufukweni na kurudi. Mwendo wa wimbi hilo ni kasi ya sauti, ambayo katika hewa ya nyuzi joto 30 ni karibu mita 350 kwa sekunde. Likifika kwenye chemba, huakisiwa na kuelekea tena kwenye valvu. Katika mkono wenye urefu wa sentimita 40, safari ya kwenda na kurudi huchukua takribani milisekunde 2.3, ilhali injini inapozunguka mara 3,000 kwa dakika, valvu hukaa wazi kwa kiasi cha milisekunde 13.

Kinachotafutwa na mtengenezaji ni kwamba wimbi la mbano liifikie valvu muda mfupi kabla haijafunga, ili liingize hewa ya ziada ambayo pistoni peke yake isingeweza kuivuta. Kwa kuwa kasi ya sauti haibadiliki sana, urefu wa mkono ndio unaoamua ni kwa mizunguko mingapi jambo hilo litatokea. Mwaka 1960 kampuni ya Chrysler ya Marekani iliweka kwenye gari lake la 300F mikono yenye urefu wa inchi 30 hivi, yaani sentimita 76, kwa sababu hii hii. Anayekata mikono ya manifoldi kwa msumeno ili aifupishe anahamisha hesabu hiyo yote, ajue au asijue.

Mikono mirefu ni bora au mifupi?

Mikono mirefu na myembamba huipa injini mvuto mzuri katika mizunguko ya chini na ya kati. Mikono mifupi na mipana huisaidia injini kupumua katika mizunguko ya juu, lakini huipunguzia mvuto huko chini. Hakuna mkono mmoja usiobadilika unaofanya kazi zote mbili kwa ukamilifu, na muuzaji anayekuahidi hivyo anakuahidi kisichowezekana. Namna ambavyo watengenezaji wamejaribu kupata yote mawili imeelezwa kwenye jibu kuhusu manifoldi zenye vilango vya ndani.

## Kabla ya kununua: je, kweli unahitaji nyingine?

Gari langu linatetemeka likiwa kwenye sailensi, yaani injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta. Je, nibadilishe manifoldi?

Usikimbilie hapo. Mtetemo wa sailensi una vyanzo vingi, na mara nyingi manifoldi yenyewe ni nzima. Plagi zilizochoka, koili mbovu, throtoli iliyojaa uchafu, nozeli zilizoziba na raba za kushikilia injini zilizokatika vyote huleta dalili hiyo. Hata kasoro inapokuwa upande wa manifoldi, mara nyingi kilichoharibika ni gasketi kati yake na silinda hedi, au kihozi cha vakyumu (mvuto wa hewa unaotokea ndani ya manifoldi) kilichopasuka kwa ukavu, na vitu hivyo viwili gharama yake haikaribii ya manifoldi nzima.

Ninalisisitiza hili kwa sababu fedha nyingi za wenye magari hupotea kwenye hatua hii. Mtu analetewa manifoldi iliyotumika kutoka Dar es Salaam, inafungwa kwa gasketi ile ile ya zamani, na mtetemo unabaki palepale. Dai kwanza uonyeshwe mahali hewa inapoingilia.

Nitajuaje kwamba hewa inaingia pasipostahili?

Dalili za kawaida ni sailensi inayopanda na kushuka, mluzi mwembamba upande wa manifoldi, gari kusita unapoanza kukanyaga mafuta, na taa ya injini kuwaka. Mashine ya daignosisi mara nyingi huonyesha kodi, yaani alama ya hitilafu, P0171, maana yake kompyuta imeona kwamba hewa ni nyingi mno kwa petroli iliyopo. Uwiano unaotakiwa kwa petroli ni takribani sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli kwa uzito, na hewa inayopenya baada ya sensa ya hewa haihesabiwi, kwa hiyo kompyuta hulazimika kuongeza petroli ili kufidia.

Kodi hiyo peke yake haitoshi kuhukumu. Mwombe fundi asome kiwango cha fidia ya petroli gari likiwa kwenye sailensi, kisha tena kwa mizunguko 2,500. Fidia ikiwa kubwa kwenye sailensi na kupungua sana injini inapoongezwa mizunguko, kuna uwezekano mkubwa wa uvujaji baada ya throtoli, kwa kuwa tundu lile lile dogo huwa na maana ndogo hewa inapokuwa nyingi. Fidia ikiongezeka pamoja na mizunguko, kagua pampu ya petroli, chujio lake na sensa ya hewa.

Kipimo kingine ni geji ya vakyumu. Injini nzima ya petroli, katika mji ulio usawa wa bahari kama Tanga, husoma kati ya inchi 17 na 22 za zebaki kwenye sailensi, na mshale ukiwa umetulia. Njia salama zaidi ya kupata tundu lenyewe ni kuingiza moshi kwenye manifoldi injini ikiwa imezimwa na kutazama unapotokea. Wapo mafundi wanaopuliza dawa ya kusafishia kabureta kwenye maungio huku injini ikiunguruma na kusikiliza kama mlio utabadilika. Njia hiyo hutoa jibu, lakini dawa hiyo hulipuka, na ekzosi iko karibu. Asiyekuwa na kizimamoto pembeni asiitumie.

Gari langu lina injini ya D-4 na fundi anasema manifoldi imeziba. Inawezekana?

Inawezekana kabisa, na ni moja ya kesi ambazo manifoldi huhusika kweli. Katika injini za Toyota za D-4, kama vile 3S-FSE na 1AZ-FSE, petroli hunyunyizwa moja kwa moja ndani ya silinda. Valvu za kuingiza kwa hiyo hazioshwi na petroli kama zilivyo katika injini za kawaida, na mvuke wa oili pamoja na masizi yanayorudishwa na mfumo wa EGR huganda kwenye mikono na juu ya valvu. Mwishowe njia ya hewa hupungua, na vilango vidogo vinavyozungusha hewa kwenye mikono hugoma kusogea.

Dawa yake ni kuifungua manifoldi, kuisafisha nje ya gari, kusafisha njia za hewa kwenye silinda hedi valvu zikiwa zimefungwa, na kuhakikisha vilango vinacheza. Kununua manifoldi nyingine iliyotumika ya D-4 ni kununua masizi ya mtu mwingine, isipokuwa kama yako imevunjika. Usimruhusu mtu amimine kisafishio kingi kwenye throtoli injini ikiwa inaunguruma kwa matumaini kwamba masizi yote yatatoka kwa mkupuo; donge likiingia kwenye silinda linaweza kuleta madhara makubwa kuliko yale uliyokuja kutibu.

Manifoldi imepasuka. Inatengenezeka?

Ya alumini hutengenezeka, iwapo fundi mchomeleaji ana mashine ya gesi ya agoni na uzoefu wa alumini, na iwapo uso unaokaa kwenye silinda hedi utasawazishwa tena baada ya kuchomelewa, kwa sababu joto huupinda. Ya plastiki ibadilishwe. Gundi ya sehemu mbili inaweza kukufikisha nyumbani kutoka Segera, lakini plastiki hiyo hupata joto, mvuke wa oili na mtetemo kila siku, na kipande cha gundi kikibanduka ndani, njia yake ni moja tu: kwenye silinda.

## Kuchagua

Nianzie wapi ninapochagua?

Anza na mizunguko ambayo injini yako huishi nayo. Gari dogo linalotoka Raskazone kwenda Kange na kurudi, au linalosafiri hadi Korogwe kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, hutumia karibu maisha yake yote kati ya mizunguko 1,500 na 3,500. Injini ya 1NZ-FE, kama ilivyotoka kiwandani, hufikia mvuto wake wa juu kabisa karibu na mizunguko 4,200 na nguvu yake ya juu kabisa kwenye 6,000. Manifoldi ya mikono mifupi itahamisha manufaa kuelekea mizunguko ambayo dereva wa namna hiyo haifikii hata mara moja kwa wiki, na itamnyima mvuto pale anapouhitaji, kwa mfano anapoondoka kwenye kituo akiwa na abiria wanne na mizigo.

Kwa hiyo msimamo wangu uko wazi: kwa gari la kazi na la familia, chagua manifoldi ya aina ile ile iliyotoka kiwandani, ikiwa nzima, na fedha iliyobaki iweke kwenye gasketi mpya, vihozi vipya na ea klina safi. Manifoldi ya aina nyingine ina nafasi yake pale ambapo kemshafti, ekzosi na kompyuta vinabadilishwa pamoja nayo kwa ajili ya mizunguko ile ile.

Ya plastiki au ya alumini?

Watu wengi huidharau plastiki kwa jina lake, na dharau hiyo haina msingi. Manifoldi hizo hutengenezwa kwa nailoni iliyotiwa nyuzi za kioo. Ni nyepesi, ndani ni laini kuliko alumini ya kumimina, na hazipitishi kwa urahisi joto la silinda hedi kwenda kwenye hewa. Katika pwani yetu zina sifa nyingine ambayo orodha za wauzaji haziitaji: chumvi ya baharini haizili.

Ubaya wake ni kwamba hazisamehe. Bolti ikikazwa kupita kiasi, plastiki hupasuka au kikoba cha chuma kilichomo kwenye tundu huzunguka. Mshindo wa moto unaorudi kwenye manifoldi unaweza kuipasua mara moja. Alumini huvumilia zaidi na hutengenezeka, nayo ndiyo ya kuchagua kwa injini yenye tabo (kifaa kinachosukuma hewa kwa nguvu kwenye injini) iliyoongezwa presha, au kwa gari linalofunguliwa mara kwa mara katika gereji zisizo na spana ya kupimia ukazaji.

Ninunue iliyotumika au mpya?

Iliyotumika ya kiwandani, ikikaguliwa vizuri, naipendelea kuliko mpya isiyojulikana mtengenezaji wake. Vipimo vya mikono na uso wa manifoldi ya kiwandani ni vya uhakika, na kifaa chenyewe hakina sehemu nyingi za kuchakaa.

Ukaguzi ufanyike mchana, mahali penye mwanga. Laza rula ya chuma juu ya uso unaokaa kwenye silinda hedi, kwa urefu na kwa mshazari, na ujaribu kupitisha fila geji, yaani vibati vyembamba vya kupimia uwazi, chini yake. Uwazi ukizidi kipimo kilichowekwa kwenye kitabu cha injini hiyo, uso umepinda na gasketi haitaziba. Chunguza matundu ya bolti na mashina ya vihozi, kwa sababu huko ndiko nyufa huanzia. Ikiwa ni ya alumini yenye njia ya maji, tazama kama kingo za njia hiyo zimeliwa. Ikiwa ina vilango vya ndani, visogeze kwa kidole na uhakikishe hakuna skrubu iliyolegea, kwa kuwa skrubu hiyo ikidondoka huingia kwenye silinda. Mwisho itikise: sauti yoyote ndani ni sababu ya kuiacha, isipokuwa kama muuzaji atakubali kitu hicho kitolewe kwanza na kijulikane ni nini.

Injini yangu na ya rafiki yangu zina jina moja. Je, manifoldi yake itakaa kwangu?

Mara nyingi itakaa, lakini jina la injini halitoshi. Injini ya jina moja iliyofungwa kwenye magari mawili tofauti inaweza kuwa na throtoli ya kamba kwenye gari moja na ya umeme kwenye jingine, sensa zikiwa mahali tofauti, au mdomo wa throtoli ukielekea upande mwingine kwa sababu ya nafasi iliyopo chini ya boneti. Linganisha kwa mpangilio huu: namba ya kipuri, umbo la matundu kwa kuweka gasketi yako juu yake, nafasi za bolti, tundu la throtoli, kisha mashina ya vakyumu. Nenda dukani na manifoldi ya zamani mkononi. Picha ya simu husaidia kuulizia, lakini haipimi.

Je, chemba kubwa na throtoli pana vitaongeza nguvu?

Tufanye hesabu. Injini ya lita 1.5 ya mipigo minne hujaza silinda zake zote mara moja kwa kila mizunguko miwili. Kwa mizunguko 6,000 kwa dakika, hata ikijaa kikamilifu, hupitisha lita 4,500 za hewa kwa dakika, na kwa mizunguko 2,500 hupitisha lita 1,875. Throtoli ya kiwandani imepimwa kwa ajili ya kiasi kile kikubwa. Kuipanua hakuongezi hewa ambayo injini haikuihitaji. Kunachofanya ni kumpa dereva ufunguzi mkubwa kwa mkanyago mdogo, naye huhisi kwamba gari limekuwa jepesi.

Chemba nayo, ikiwa ndogo mno, silinda hunyang'anyana hewa; ikiwa kubwa mno, injini huchelewa kuitikia mguu. Ukubwa wake hupangwa kwa kuangalia lita za injini na kazi yake, na injini za tabo kwa kawaida huvumilia chemba kubwa zaidi.

Manifoldi yangu ina vilango vya ndani na kifaa cha vakyumu. Naweza kuviondoa?

Visiondolewe. Hivyo ndivyo watengenezaji walivyopata njia ya kuwa na mkono mrefu na mfupi katika injini moja. Toyota ilikuwa na mfumo wa T-VIS kwenye injini kama 4A-GE ya miaka ya 1980, ambapo kila silinda ilikuwa na njia mbili na moja ilifungwa chini ya takribani mizunguko 4,400. Baadaye ukaja mfumo wa ACIS, unaopatikana kwenye 2JZ-GE na kwenye 1MZ-FE ya lita 3.0 inayoendesha Harrier nyingi tunazoziona mjini, ambao hufungua au kufunga kizuizi ndani ya manifoldi ili kubadili urefu wa njia ambayo mawimbi ya hewa huisafiri.

Kizuizi hicho kikikwama, injini haizimi wala haipigi kelele. Hupoteza mvuto wa sehemu fulani ya mizunguko, na mwenye gari huanza kuamini kwamba injini imezeeka. Kabla ya kuilaumu injini, kagua kihozi cha vakyumu, swichi yake ya umeme na utando wa kifaa kinachovuta kizuizi.

Manifoldi za mashindano zinazouzwa mtandaoni huongeza nguvu kiasi gani?

Kwenye injini ambayo haijabadilishwa kingine chochote, tegemea ongezeko dogo juu kabisa ya mizunguko na upungufu katikati. Omba mchoro wa nguvu kwa mizunguko yote, uliopimwa kabla na baada kwenye injini kama yako. Muuzaji mwenye namba moja tu ya nguvu ya juu amekuonyesha sehemu ya habari iliyo upande wake.

## Joto, chumvi na milima yetu

Joto la Tanga huathiri uchaguzi?

Ndiyo, kwa sababu hewa yenye joto ni nyepesi. Hewa ya nyuzi 30 ikipashwa hadi nyuzi 60 kabla ya kuingia kwenye silinda, uzito wake kwa ujazo ule ule hupungua kwa karibu asilimia 9, na nguvu ya injini hufuata. Ndiyo maana kuondoa boksi la ea klina na kuweka chujio la wazi chini ya boneti ni hasara hapa kwetu: mlio unaongezeka, lakini injini inavuta joto la rejeta. Boksi la kiwandani huchota hewa kutoka mbele ya gari au kwenye kona ya mdigadi, na hapo pana nafuu ya kweli. Gasketi nene ya plastiki ngumu kati ya manifoldi ya alumini na silinda hedi, pale inapopatikana kwa injini husika, pia hupunguza joto linalopanda.

Gari langu hupoteza nguvu ninapopanda Lushoto. Manifoldi nyingine itasaidia?

Haitasaidia kwa kiasi cha kuonekana. Lushoto iko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,400, ambako mgandamizo wa hewa ni karibu asilimia 15 pungufu ya ule wa pwani, na manifoldi haiwezi kuleta hewa ambayo haipo. Kinachosaidia kwenye kona za kutoka Mombo ni mvuto wa mizunguko ya chini na ya kati, kwa hiyo manifoldi ya mikono mifupi itakuongezea taabu. Injini ya tabo huathirika kidogo tu, maana tabo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Usishtuke pia geji ya vakyumu ikisoma chini huko juu. Ni mwinuko, na gari lako ni zima.

Chumvi ya baharini hudhuru manifoldi?

Hudhuru ya alumini, hasa mahali bolti za chuma zinapoingia. Chuma na alumini vikigusana penye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, na unga mweupe unaotokea huishika bolti hadi ikatike inapofunguliwa. Wanaoishi karibu na bahari wawaombe mafundi wao wapake grisi maalumu ya kuzuia kushikana kwenye nyuzi za bolti, na wafahamu kwamba nyuzi zilizopakwa zinahitaji nguvu kidogo ya kukaza kuliko zilizo kavu.

Adui mwingine yuko ndani. Maji ya kisima ya pwani mara nyingi yana chumvi, na yakitiwa kwenye rejeta badala ya kulanti, hula njia za maji za silinda hedi na za manifoldi zinazopitisha maji. Kulanti si anasa ya nchi za baridi. Ina dawa ya kuzuia kutu ambayo alumini inaihitaji zaidi hapa kuliko kwingineko.

## Kufunga

Gasketi ya zamani inaweza kutumika tena, au nitumie silikoni?

Gasketi ya karatasi au ya chuma ibadilishwe kila manifoldi inapofunguliwa. Ile ya mpira inayokaa kwenye mfereji wa manifoldi ya plastiki ibadilishwe pia, maana ikishabonyea hairudi umbo lake. Silikoni isichukue nafasi ya gasketi: ile inayobanwa ikatokea upande wa ndani hukatika vipande na kuvutwa na hewa, na zipo aina zinazoharibika kwa petroli.

Bolti zikazwe kwa awamu mbili au tatu, kuanzia za katikati kwenda za pembeni, kwa kipimo cha kitabu cha injini hiyo. Kwa magari madogo kipimo hicho huwa kidogo, mara nyingi kati ya nyutoni mita 15 na 30, na mkono wa fundi uliozoea nati za magurudumu hukipita bila kuhisi.

Nisugue ndani ya mikono iwe laini kama kioo?

Kwa injini yenye nozeli kwenye mikono, faida yake ni ndogo mno kulipia kazi hiyo. Lenye faida ni kulinganisha matundu: tundu la manifoldi lisiwe pana kuliko la silinda hedi, kwa sababu hewa itagonga ukingo. Likiwa dogo kidogo, hewa hupita bila kizuizi.

Je, kompyuta inahitaji kurekebishwa baada ya kufunga?

Manifoldi ya aina ile ile haihitaji zaidi ya kufuta kodi na kuacha injini ijifunze sailensi upya. Ya aina tofauti, hasa kwa gari linalokadiria hewa kwa sensa ya mgandamizo iliyo kwenye manifoldi, inahitaji kompyuta irekebishwe na mtu mwenye vifaa vya kupima uwiano wa hewa na petroli, kwa kuwa jedwali la zamani halitalingana na namna silinda zinavyojaa sasa.

## Hali zisizo za kawaida

Nina Land Cruiser ya dizeli yenye injini ya 1HZ. Haya yote yananihusu?

Kwa sehemu. Injini za dizeli za zamani kama hiyo, yenye silinda 6 na lita 4.2, huongeza nguvu kwa kuongeza dizeli na hazitegemei kilango cha kubana hewa, kwa hiyo hazina vakyumu kubwa kwenye manifoldi na uvujaji hauleti mtetemo wa sailensi. Hatari yake ni vumbi: hewa inayopenya baada ya ea klina kwenye barabara za mashamba ya mkonge huingia bila kuchujwa na kusaga pistoni na ringi. Dizeli za kisasa zenye EGR, mfano 1KD-FTV, hujaa masizi kwenye manifoldi, na usafishaji wake unafanana na ulioelezwa kwa D-4.

Na injini ya tabo?

Hapo uvujaji hugeuka: kwenye sailensi hewa inaingia, na tabo inaposukuma hewa inatoka, hivyo gari hukosa nguvu na dizeli hutoa moshi mweusi. Mara nyingi kosa liko kwenye hozi na vibano kabla ya manifoldi.

Nimefunga mfumo wa gesi asilia. Niwe na tahadhari gani?

Gesi asilia, ambayo sehemu kubwa ni methani, huchukua nafasi ya karibu asilimia 9.5 ya mchanganyiko unaoingia, kwa hiyo nguvu hupungua kidogo na manifoldi nyingine haitalifuta hilo. Tahadhari kubwa ni moto kurudi. Mifumo ya zamani inayochanganya gesi kabla ya throtoli huijaza manifoldi nzima mchanganyiko unaoweza kulipuka, na cheche dhaifu ya plagi iliyochoka inatosha kuipasua manifoldi ya plastiki. Chagua mfumo unaonyunyiza gesi kwenye kila mkono kwa zamu, na plagi na koili zisiachwe zichakae.

Nina gari la zamani la kabureta. Nichague vipi?

Katika manifoldi ya kabureta petroli husafiri ndani ya mikono tangu mwanzo, kwa hiyo joto kidogo linatakiwa ili isigande kwenye kuta, na mikono mipana kupita kiasi hupunguza kasi ya hewa hadi petroli idondoke. Usiweke kabureta kubwa kuliko ile ambayo manifoldi ilitengenezewa. Kwa injini za V8, manifoldi ya ghorofa mbili huwafaa wanaosafiri na kubeba mizigo, na ya ghorofa moja ni ya mizunguko ya juu.

Kubadilisha manifoldi kunahitaji kubadilisha kadi ya gari?

Hapana. Namba ya injini iliyoandikwa kwenye kadi ya usajili hupigwa kwenye bloku, na manifoldi haina namba inayosajiliwa. Anayebadilisha injini nzima ndiye anayepaswa kupeleka taarifa ili kadi irekebishwe, naye aidai injini hiyo pamoja na manifoldi yake, throtoli, waya na kompyuta, kwa sababu kuvikusanya kimoja kimoja baadaye hugharimu zaidi.